Kukagua Mabadiliko ya Utaratibu wa Kutoa Matoleo ya Programu

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mwezi wa Januari 2016 kambi ya Mtendeli, iliyopo wilaya ya Kakonko mkoani Kigoma, ilifunguliwa upya ili kuwapokea wakimbizi wa Burundi kutoka Nyarugusu, wilayani Kasulu, ambako nafasi ilikuwa imekwisha. Mwaka 2021 kambi hiyo ilifungwa, na waliosalia wakahamishiwa Nduta, wilayani Kibondo. Familia inayohama namna hiyo hubeba vyombo na matandiko yake; jina lake na idadi ya watu wa nyumba hubaki katika kumbukumbu za kompyuta. Kumbukumbu hizo zisiposomeka kule inakofika, posho ya chakula huweza kukwama. Hicho ndicho kipimo cha mazungumzo haya: programu ikiharibika, anayeumia kwanza ni yule aliyesimama kwenye foleni.

Hali ni hiyo hiyo kwa kituo cha afya kinachotuma takwimu za MTUHA kwa kutumia DHIS2, na kwa mwananchi anayesubiri namba ya kulipia ada ya Serikali.

Zamani programu mpya ilifika wilayani kwa diski, na fundi akaiweka katika kompyuta moja baada ya nyingine. Likitokea kosa Kibondo, Kasulu ilisalimika. Siku hizi mafundi huandika faili la maagizo, na mashine huyafuata yenyewe: hukusanya programu, huifanyia majaribio, hufunga toleo na kulipeleka kwenye seva zote. Faida yake ni kubwa, kwani kazi ya siku nyingi hukamilika kwa dakika chache, wala hakuna hatua inayosahauliwa kwa uchovu.

Lakini faili hilo la maagizo nalo ni maandishi, na maandishi hubadilishwa. Programu yenye kasoro huweza kuzuiwa na majaribio; ilhali mtu akiufuta mstari unaoamuru majaribio yafanyike, hapatakuwa na wa kuizuia. Aidha, maagizo hayo ndiyo yanayotumia funguo za siri za kuingilia kwenye seva. Kwa hivyo badiliko la mstari mmoja katika utaratibu wa kutoa toleo linastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko mistari mia ya programu yenyewe. Yaliyotokea kwingineko yanatosha kuwa ushahidi.

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 katika muda wa dakika 45 hivi. Fundi alikuwa ameweka programu mpya katika seva saba na kuiacha ya nane, ambayo ilibaki na programu ya zamani. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya nchi hiyo ilibaini kwamba hapakuwa na fundi wa pili aliyeikagua kazi ile, wala maandishi yaliyomtaka mtu kuikagua.

Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya CrowdStrike ilitoa faili lenye kasoro kwa wateja wake wengi kwa wakati mmoja. Programu iliyopaswa kulihakiki faili hilo nayo ilikuwa na kasoro, ikalipitisha. Faili liliondolewa kabla ya saa moja na nusu kupita, lakini kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeathirika, na nyingi zilihitaji kurekebishwa moja moja kwa mkono. Ndege, hospitali na benki katika nchi nyingi zilikwama.

Mwezi wa Machi 2025, kifaa kimoja kinachotumiwa ndani ya maagizo ya aina hii katika hazina za programu zaidi ya 23,000 za GitHub kiligeuzwa na wahalifu ili kitoe hadharani funguo za siri. Walioagiza kifaa hicho kwa jina la toleo tu walipokea kile kilichogeuzwa. Walioandika namba kamili ya nakala waliyokwisha kuikagua walisalimika.

Kutokana na hayo, hapana budi wakuu wa vitengo na mafundi wao kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, badiliko lolote la maagizo lisomwe na mtu wa pili asiyekuwa mwandishi wake, na jina la kila mmoja libaki katika kumbukumbu.

Pili, msomaji aulize maswali matatu: Je, kuna jaribio lililoondolewa? Je, kuna ufunguo uliopewa mamlaka zaidi ya kazi yake? Je, kuna kifaa cha nje kilichoingizwa bila ya namba kamili ya nakala yake?

Tatu, toleo jipya lianze katika kituo kimoja au viwili, lingojewe, kisha ndipo lifikishwe kwingine.

Nne, njia ya kurudi kwenye toleo la awali ijaribiwe kabla ya siku ya haja.

Wapo watakaosema kwamba wilaya ina fundi mmoja tu, na kwamba kungoja msomaji wa pili ni kuchelewesha huduma. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, msomaji wa pili si lazima akae ofisi moja na mwandishi; fundi wa Kasulu anaweza kuisoma kazi ya fundi wa Kibondo bila ya kusafiri. Ikiwa ni dharura, makubaliano yafanywe kwa simu na yaandikwe siku ile ile. Nusu saa ya kusoma ni nyepesi kuliko siku nzima ya foleni isiyosogea.

Wananchi nao wana sehemu yao. Huduma ikiharibika ghafla baada ya mfumo kubadilishwa, taarifa itolewe mara moja kwa ofisi husika, ikitaja siku, saa na kituo. Taarifa ya namna hiyo humwonesha fundi ni toleo gani la kurudisha nyuma.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.