Kamera ya Zumu Ndefu au Kamera ya Kubadilisha Lenzi: Ipi Inastahili Fedha Yako?

Mada iliyowasilishwa kwa walaji wa Kipili, Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa



Tumeombwa kuzungumzia bidhaa ambayo mlaji huinunua mara chache, huilipia fedha nyingi, na hawezi kuupima ubora wake kwa kuitazama tu kwenye kabati la duka. Bidhaa hiyo ni kamera. Simu zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya kupiga picha, lakini mwongoza watalii, mpigapicha wa harusi na kipaimara, na kijana anayetaka kufungua studio bado wanaihitaji kamera. Kwa wengi wao fedha ya kununulia ni akiba ya msimu mzima wa dagaa au ya mavuno ya mahindi. Aliyenunua isiyomfaa hana akiba nyingine ya kurekebishia.

Madukani, mnunuzi huwekewa mbele aina mbili. Ya kwanza ni kamera ndogo yenye lenzi moja isiyotoka, inayoweza kuvuta kitu cha mbali sana. Hapa tutaiita kamera ya zumu ndefu. Ya pili ni kamera ya DSLR, ambayo lenzi yake hufunguliwa na kubadilishwa. Swali tunaloulizwa daima ni hili: ipi iliyo bora? Jibu letu ni kwamba swali hilo halijakamilika. Mlaji ajiulize kwanza atapiga picha ya nini, kwa umbali gani na katika mwanga gani. Akishajua hayo, kamera inayomfaa hujulikana bila ubishi mwingi.

Namba ya zumu ina maana gani

Tuchukue mfano wa Nikon Coolpix P900, iliyotoka mwaka 2015. Zumu yake ni mara 83. Maana yake ni kwamba mtumbwi ulio mita 830 kutoka ufukweni utaonekana kana kwamba uko mita 10, ukilinganisha na picha pana kabisa ya kamera hiyo hiyo. DSLR nyingi za bei ya chini huuzwa pamoja na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ambayo zumu yake ni mara 3 tu. Kwa lenzi hiyo, mtumbwi ule ule utaonekana kana kwamba uko takribani mita 270. Mnunuzi wa DSLR anayetaka kuufikia umbali wa P900 hatapata lenzi moja ya kumtosheleza kwa bei ya kawaida.

Kwa hiyo, mtu anayewaongoza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, akitaka kuonyesha viboko waliosongamana katika Mto Katuma wakati wa kiangazi, au ndege wa Ziwa Rukwa, atapata faida kubwa kwa kamera ya zumu ndefu. Mwanga wa mchana unatosha, wanyama wako mbali, na hana haja ya kubeba mkoba wa lenzi.

Hata hivyo, tunatoa tahadhari mbili. Kwanza, kuna zumu ya lenzi na zumu ya kidijitali. Zumu ya lenzi hukileta karibu kitu chenyewe. Zumu ya kidijitali huikata picha iliyokwisha kupatikana na kuitanua, nayo haiongezi hata chembe ya undani. Baadhi ya matangazo huzizidisha pamoja ili namba ionekane kubwa. Uliza daima: zumu ya lenzi ni mara ngapi? Pili, zumu haiondoi ukungu wala mvuke. Hewa ya joto inayotetemeka juu ya ziwa saa nane mchana itaonekana kwenye picha, hata kamera iwe ya bei gani. Picha za mbali hutoka vizuri zaidi asubuhi, kabla jua halijapanda.

Mwanga ndio mtihani mkubwa

Ndani ya kila kamera kuna kipande kinachopokea mwanga, kiitwacho sensa. Sensa ya P900 ina upana wa milimita 6 hivi. Sensa ya DSLR kama Nikon D3500, iliyotoka mwaka 2018, ina upana wa milimita 23.5, na eneo lake ni karibu mara 13 ya ile ndogo. Weka kikombe na beseni nje mvua inyeshe: vyote vitapata maji, lakini beseni litapata mengi zaidi kwa muda ule ule. Mvua ikiwa kubwa, kikombe nacho hujaa. Mvua ikiwa ya manyunyu, tofauti huonekana mara moja. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mwanga.

Kuna jambo la pili. Lenzi ya P900, ikivutwa hadi mwisho, tundu lake hupitisha chini ya moja ya tano ya mwanga unaopita ikiwa haijavutwa. Kwa hiyo zumu ndefu hudhoofika hasa jioni, mahali ambapo sensa yake ndogo tayari imelemewa. Harusi nyingi huendelea hadi usiku ukumbini. Kanisa huwa na kivuli hata mchana. Wavuvi huwasha taa zao giza likiingia. Katika mazingira hayo kamera ya zumu ndefu hutoa picha zenye chembechembe na nyuso zilizofifia, na mteja aliyelipia albamu ana haki ya kulalamika.

Anayetaka kufanya biashara ya picha za sherehe tunamshauri achague DSLR, tena asiishie kwenye lenzi inayokuja nayo. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu zaidi, nayo hupitisha karibu mara 10 ya mwanga wa lenzi ya 18 hadi 55 iliyovutwa hadi mwisho. Lenzi hiyo moja itamsaidia kuliko kuongezewa megapikseli. Megapikseli huhesabu vitone vya picha. Hazielezi ubora wa kila kitone.

Hesabuni gharama yote

Bei ya DSLR iliyobandikwa dukani si mwisho wa matumizi. Kuna lenzi ya pili, flashi, mkoba na kadi ya kumbukumbu. Kamera ya zumu ndefu huhitaji vitu vichache zaidi, ila lenzi yake ikiharibika kamera nzima huwa imeharibika.

Betri nayo isisahauliwe, hasa kwa anayekaa siku kadhaa mbali na umeme. Kwa kipimo cha watengenezaji, betri ya P900 ikijaa hupiga picha 360 hivi, ile ya D3500 hupiga 1,550. Vumbi la kiangazi ni adui wa kamera zote. Kwenye DSLR huingia wakati wa kubadilisha lenzi, nalo linaweza kusafishwa. Kwenye zumu ndefu huingia lenzi inapotoka na kurudi, na kulitoa ni kazi ya fundi.

Kwa wanaonunua Nikon iliyotumika: kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya kulenga ndani ya mwili. Lenzi za zamani zisizo na mota yake zitashika, lakini mpigapicha atalenga kwa mkono. Hakikisheni lenzi ina maandishi AF-S.

Mkiwa dukani

Mnunuzi aende na kadi yake ya kumbukumbu. Azime zumu ya kidijitali, apige picha moja ndani ya duka bila flashi na nyingine ya bango lililo mwisho wa barabara, kisha azikuze kwenye kompyuta kabla ya kulipa. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Alinganishe namba ya mfululizo iliyo kwenye kamera na ile ya boksi na ya waranti. Kwa DSLR iliyotumika, aulize imekwisha kupiga picha ngapi. Idadi hiyo huweza kusomwa kwa programu ya kompyuta.

Adai risiti ya mashine ya kielektroniki yenye jina kamili la modeli. Risiti ndiyo shahidi wa mlaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Aliyeambiwa zumu ya lenzi ni mara 60 akakuta ni 30 ana msingi wa kudai. Aanze kwa muuzaji, na ikishindikana amwone afisa biashara wa halmashauri kule Namanyere, au apeleke malalamiko yake kwa maandishi Tume ya Ushindani, akiambatisha nakala ya risiti.

Ndugu wananchi, kwa muhtasari: anayepiga vitu vya mbali mchana achukue zumu ndefu, anayepiga watu jioni na ndani ya nyumba, na kulipwa kwa kazi hiyo, achukue DSLR na lenzi ya tundu kubwa. Asiye na moja ya mahitaji hayo atazame kwanza simu aliyo nayo mfukoni. Huenda inamtosha, na akiba yake ikabaki salama.