Pima Boksi Kabla ya Kutangaza Bei

Msikilizaji, unasuka vikapu Iringa. Watu wa ng'ambo wamekuchangia mtandaoni, na umeahidi kuwatumia bidhaa. Hongera. Sasa sikiliza: pima boksi kabla ya kutangaza bei.

Kikapu ni chepesi, lakini kinajaza boksi. Kampuni nyingi zinazosafirisha vifurushi kwa ndege haziangalii mizani peke yake. Hupima urefu, upana na kimo cha boksi, kisha hukokotoa uzito wa ujazo. Ukiwa mkubwa kuliko uzito wa mizani, unalipia huo mkubwa. Hapo ndipo faida ya wengi inapopotelea, na inauma, maana kazi ya mikono yao ni nzuri.

Basi fanya hivi. Kama kikapu kinakunjika bila kuharibika, kikunje. Kifunge kwenye boksi dogo linalokitosha. Chukua futi kamba, pima pande zote tatu. Lipeleke boksi posta, uliza bei ya kawaida na ya EMS, yaani huduma yao ya haraka. Kisha uliza kampuni binafsi. Narudia: boksi kwanza, bei baadaye.

Chagua huduma yenye namba ya kufuatilia mzigo, hata ikizidi bei kidogo. Mteja akisema hajapokea, bila namba utamjibu nini?

Uliza pia nani atalipa ushuru mzigo ukifika. Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani ndogo Agosti 2025. Mwambie mteja wako wa huko leo, kabla hujamtumia mzigo.