Kalamu Mkononi mwa Mkimbizi

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa shule katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilaya ya Nchelenge, siku ya kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kamati imenipa nafasi niseme machache juu ya utungaji, yaani kuandika hadithi, mashairi na habari za maisha yetu. Najua wapo watakaouliza: sisi tunahangaika na unga na kuni, mwalimu anatuletea habari za mashairi? Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu.

Wengi wetu tulivuka mpaka mwaka 2017, tukapokelewa Kenani, na kuanzia Januari 2018 tukaletwa hapa Mantapala. Wenzetu walitutangulia: waliokimbia vita vya Pweto mwishoni mwa mwaka 2000 waliishi katika kambi za Kala na Mwange. Kila tulipofika, tuliandikwa: jina, mwaka wa kuzaliwa, idadi ya watu wa nyumba. Karatasi ile ina kazi yake, na bila hiyo hakuna posho wala kitambulisho. Lakini haikuuliza kama baba yako alikuwa mfuma nyavu, wala bibi yako aliimba nini akitwanga mihogo. Hayo tusipoyaandika sisi, hakuna mwingine atakayeyaandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu zangu, maisha nayo ni mali.

Jambo hili si geni katika nchi hizi mbili tunazozijua. Pale Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge, Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, aliandika historia ya Walunda wa Luapula kwa Kibemba. Kitabu kinaitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake mababu zangu na watu wangu. Mfalme aliona kwamba masimulizi ya wazee, hata yakiwa mazuri namna gani, huzikwa pamoja na wazee.

Mtasema, yule alikuwa mfalme. Basi tuvuke Luapula tuingie Katanga. Mwaka 1965, miaka mitano baada ya uhuru wa Kongo, André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Aliiandika kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani, watu walioitwa maboi, waliopika na kufua katika nyumba za Wazungu. Hakuandika kwa Kifaransa cha wakubwa, aliandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kile kile cha sokoni. Msomi Johannes Fabian alikichapisha kitabu hicho mwaka 1990. Tahajia yake ilikuwa ngumu, na maneno yalikatwa na kuunganishwa kwa namna ya mwandishi mwenyewe, hata ikabidi msemaji wa Lubumbashi akisome kwa sauti ndipo maana itoke. Maana ilitoka. Leo wasomi wa ulaya hujifunza kwa boi namna mji ule ulivyojengwa. Kwa hiyo anayesema "mimi sijui kuandika vizuri" na amkumbuke Yav. Tahajia itasahihishwa baadaye. Habari isiyoandikwa haisahihishwi.

Sasa niseme faida mbili.

Kwanza, kujitambua. Mtu aliyekimbia huzoea kuitwa mkimbizi mpaka anajiita hivyo mwenyewe, kana kwamba alizaliwa siku ile ya kuvuka. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alikwenda Uingereza akiwa kijana baada ya mapinduzi ya 1964. Alianza kuandika huko ugenini akiwa na miaka 21. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Sisemi kila mtoto wetu atapata tuzo. Nasema alianza pale tulipo sisi: ugenini, bila kujua mahali pake ni wapi. Darasani mwangu huwaambia wanafunzi waandike juu ya ziwa kama wanavyolijua. Mmoja huandika juu ya dagaa wa chisense wakianikwa mchangani, mwingine juu ya miezi ya kufungwa uvuvi na njaa yake. Akimaliza, mtoto amejiona: mimi ni mtu wa ziwa, nina macho yangu.

Pili, mabadiliko. Msichana mmoja aliandika juu ya asubuhi yake. Wavulana wakubwa walimpita kwenye foleni ya maji, naye akafika shuleni somo la kwanza limekwisha. Aliposoma kwa sauti, wenzake sita walisema: hata mimi. Tukamwomba mzee wa kijiji aje asikilize. Alikuja, akasikiliza, akaita akina mama wa kamati ya maji, na watoto wa shule wakapewa zamu yao. Insha ile haikuchimba kisima kipya. Lakini taabu ya mtoto mmoja iligeuka kuwa habari ya watu wote, na habari ya watu wote hupata wa kuishughulikia. Hilo ndilo jibu langu kwa aliyeuliza juu ya unga na kuni.

Wako wazazi wanaosema mambo ya ndani yasitoke nje, na vidonda vya vita visichokonolewe. Nawaelewa. Kwa hiyo tuna kanuni zetu. Hakuna anayelazimishwa kuandika aliyoyaona vitani. Majina ya watu hubadilishwa. Daftari la mtu halisomwi bila ruhusa yake. Lakini tukumbuke pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.

Naiomba Kamati mambo matatu: madaftari kwa ajili ya vijana walioacha shule, saa moja kila Jumamosi ambapo wazee watasimulia na vijana wataandika, na ukurasa katika kila toleo la jarida hili kwa maandishi yao. Na ninyi wazee, msiseme hamkusoma. Semeni tu, mikono ya kuandika ipo.