Muziki wa barabarani na bidoni za vijana wetu



Juma lililopita kamati iliwanyang'anya vijana bidoni wanazopiga kama ngoma hapa penye robine. Sababu nimeisikia: wenyeji wa kartye walilalamika kwamba kelele imezidi na wakimbizi hawana adabu. Sikuja kuwagombeza. Nimekuja na habari ya watu wa Kinshasa.

Kundi la Staff Benda Bilili lilianzia barabarani. Wakubwa wao, kama Papa Ricky Likabu, walipatwa na polio utotoni. Walitembelea baiskeli za magurudumu matatu na kufanya mazoezi kwenye bustani ya wanyama ya mji. Kati yao alikuwamo kijana wa barabarani, wale wanaoitwa shege, jina lake Roger Landu. Chombo chake, satongé, alikiunda mwenyewe: mkebe mtupu, kijiti kilichopindwa, waya mmoja. Waya mmoja tu, jamani, na unalia kama sauti ya mtu!

Fikirini muziki huo unavyosikilizwa. Hakuna jukwaa wala tiketi. Mpita njia anasimama hatua mbili kutoka kwa mwimbaji. Anaona jasho lake, anaona miguu yake, na mwimbaji naye anamtazama usoni. Mkiwa karibu hivyo, ni vigumu kuendelea kumwita "kilema yule". Jina lenyewe la kundi, kwa Kilingala, linakuambia utazame zaidi ya sura ya nje. Wimbo wao mmoja unawahimiza wazazi wawapeleke watoto kwenye chanjo ya polio. Nani angewaambia kwamba hawajui wanachokisema?

Mwaka 2009 ilitoka albamu yao, Très Très Fort, iliyorekodiwa nje katika bustani hiyo hiyo. Mwaka 2010 filamu juu yao ilionyeshwa Cannes, Ufaransa. Siwaahidi vijana wetu Cannes. Kundi lenyewe liligawanyika mwaka 2013.

Mimi naangalia hapa penye robine. Mwenyeji akija kuchota maji, anawakuta watu wakigombania zamu. Hiyo ndiyo sura yenu anayoijua. Lakini jioni moja, kabla bidoni hazijachukuliwa, nilimwona mama mwenyeji ameweka ndoo chini, mtoto mgongoni, akimsikiliza binti mmoja wa hapa akiimba wimbo wa kijiji chake. Ulipokwisha akamwuliza, "Kwenu ni wapi?" Swali hilo nimelisikia mara nyingi hapa. Bila hasira, ilikuwa mara ya kwanza.

Kelele za usiku zikomeshwe, hapo niko pamoja nanyi. Ila naomba kamati irudishe bidoni, kisha tupange saa na chifu wa avenyu: Jumamosi, tangu saa kumi hadi saa kumi na mbili, na vijana wa wenyeji wenye gitaa waalikwe. Nimekwisha kumwuliza. Atatupokea Alhamisi asubuhi, mradi mje nanyi wenyewe, si mimi peke yangu.