Wajibu Wetu kwa Vibarua Wanaotujengea



Tumeombwa tuzungumze juu ya usalama wa wafanyakazi wa ujenzi. Tungeweza kuanzia mjini, kwenye jengo la ghorofa 16 lililoporomoka Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, au lile la Kariakoo lililoanguka Novemba 2024. Leo lakini tunaanzia nyumbani, kwenye ukumbi ambao sisi wenyewe, kamati ya ujenzi, tuliusimamia.

Kibarua mmoja alianguka kutoka juu ya jukwaa akipandisha karai la zege la linta. Mirunda ya jukwaa hilo ilikwisha kutumika katika majengo mawili kabla ya letu, na fundi mkuu alikuwa ametuomba mipya. Tulimjibu kwamba fedha ya harambee ni ya mabati. Kijana yule alivunjika nyonga. Tulipotaka kuwapasha habari ndugu zake tulifungua daftari la kazi, tukakuta limeandikwa “vibarua sita”. Jina lake halikuwamo.

Jumapili iliyofuata tulimwombea, na wengi wetu tukasema kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ndugu wapendwa, hapo tulimsingizia Mwenyezi Mungu mirunda iliyooza. Wale watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Bwana wetu alikataa kuwahesabu kuwa wakosefu kuliko wenzao wa Yerusalemu (Lk 13:4). Tena Torati inamwagiza ajengaye nyumba mpya aizungushie paa ukuta mdogo, kwa maana watu wa nchi ile walikaa juu ya mapaa, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile (Kumb 22:8). Anayeagizwa hapo ni mwenye nyumba. Naye Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliihesabu kazi isiyodhuru afya kuwa miongoni mwa haki za mfanyakazi.

Yupo atakayesema kwamba sisi ni parokia, si kampuni. Lakini amwajiriye mtu kwa ujira ni mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko unaochangiwa na mwajiri, pasipo kuukata ujira wa kibarua, ili aumiapo kazini atibiwe na kulipwa. Hata tukimpa kazi mkandarasi, yatupasa kumwuliza kabla ya kutia saini kama amejiandikisha huko, naye atuonyeshe cheti.

Katika kazi yenyewe, jambo la kwanza ni jukwaa. Miguu yake isimame juu ya mbao, si juu ya vipande vya tofali. Lifungwe kwenye ukuta, liwe na kizuizi kiunoni mwa mtu. Ngazi yenye kimo cha mita 4 itengwe na ukuta mita 1 chini. Tunapenda kununua kofia ngumu, nazo hupendeza katika picha ya kumpelekea mfadhili, lakini kofia haimzuii mtu kuanguka. Na mashimo ya vyoo tusiyadharau: mita moja ya ujazo ya udongo huzidi tani moja, na ukingo usiotegemezwa kwa mbao huporomoka ghafula, hasa baada ya mvua.

Kwa nyumba ya katekista tutakayoanza baada ya Pasaka, fungu la mirunda na mbao limetangulia fungu la mabati, na daftari litakuwa na majina.

Ndugu yetu yule sasa anatembea kwa gongo. Jumuiya yake humpelekea unga, nasi twaishukuru. Ila unga huo ni hisani, na anachotudai sisi ni haki yake. Amealikwa katika kikao cha halmashauri cha mwezi ujao, na deni letu kwake litakuwa ajenda ya kwanza. Sasa tunapokea maswali.