Mhamiaji na Wenyeji Wake



Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zimeng'oka Dar es Salaam. Mizigo imefika, lakini nyoyo zimebaki nyuma. Watoto hawana wenzao, na mama hana jirani wa kumpigia hodi.

Hali hii si ngeni. Waliohamia Madina mwaka 622, Abu Bakr na Bilal (r.a.) walishikwa na homa, na Bilal akaililia Makka. Bibi Aisha alipomweleza Mtume (s.a.w.), alimuomba Allah awapendezeshe Madina. Aidha, aliwaunga undugu Muhajirina na Ansari. Saad bin Rabii akamtolea Abdur-Rahman bin Auf nusu ya mali yake. Naye akamuombea baraka, akaulizia soko.

Hapa tunapata mafunzo mawili. Mwenyeji asingoje kuombwa: aende, asalimu, aelekeze soko na zahanati. Mgeni naye asijifungie na majonzi: atoke, asali jamaa, ajitafutie riziki. Mgeni akimaliza mwezi msikitini petu bila kuulizwa jina, basi tujue kuwa undugu tunaouhubiri bado hatujauanza.

Wabillahi tawfiq.