Simu Mkononi, Muuguzi Upande wa Pili: Maneno kwa Wanaoishi na Maradhi ya Uvimbe wa Utumbo



Tunazungumza leo juu ya bidhaa isiyopimwa kwenye mizani: programu za simu zinazoahidi kumsaidia mgonjwa kujisimamia mwenyewe. Tumechagua mfano wa maradhi ya uvimbe wa utumbo, yaani ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana, kwa kuwa hayamalizwi na dozi moja. Hutulia miezi kadhaa, kisha huibuka tena kwa kuharisha, damu katika choo, maumivu ya tumbo na uchovu. Mgonjwa huonana na daktari siku chache kwa mwaka. Siku zilizobaki yu peke yake na tumbo lake, na wengi huona haya kulitaja hata mbele ya jamaa zao. Hapo ndipo simu inapokaribishwa.

Je, simu yaweza kusaidia? Yaweza. Nchini Uholanzi, wagonjwa 909 wa hospitali nne walifuatiliwa kwa mwaka mmoja: kundi moja lilipata huduma ya kawaida, jingine lilijibu maswali ya hali yao kwa njia ya mtandao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet. Waliotumia mtandao walikwenda kliniki mara chache zaidi na kulazwa mara chache zaidi, na bado waliiona huduma yao kuwa njema. Lakini habari hiyo isomwe hadi mwisho. Majibu yao yalipoonyesha hatari, yalimfikia muuguzi wa hospitali, naye akawasiliana na mgonjwa. Simu ilibeba ujumbe. Tiba ilibaki mikononi mwa watu.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ulizeni mambo manne.

Kwanza, nani yuko upande wa pili? Ikiwa hakuna mhudumu wa afya anayeyasoma majibu yenu, mlichonunua ni daftari tu. Daftari lina faida yake, ila la karatasi hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo.

Pili, inaahidi nini? Maradhi haya yanatulizwa, bali hadi leo hayana dawa ya kuyang'oa kabisa. Anayeuza uponyaji wa siku thelathini anauza uongo. Wala msikubali programu iwaachishe dawa: predinisoloni iliyotumika kwa majuma mengi ikikatwa ghafla yaweza kuuangusha mwili.

Tatu, taarifa zinakwenda wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 huziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Programu ya kuhesabu safari za chooni haina sababu ya kuomba orodha ya majina yaliyomo katika simu yenu. Ikiomba, ikataeni.

Nne, malipo yanakoma lini? Neno "bure" mara nyingi ni la mwezi wa kwanza, na baada yake fedha hukatwa zenyewe. Jueni njia ya kujiondoa kabla ya kujiunga.

Wasio na simu janja hawajapitwa. Andikeni kila siku: mmekwenda choo mara ngapi, kama kuna damu, maumivu ni makali kiasi gani, dawa ipi imemezwa na ipi imerukwa. Kila juma andikeni uzito. Andikeni pia vidonge vya maumivu mlivyonunua dukani, kwa kuwa aina kama ibuprofeni na diklofenaki zaweza kuyaamsha maradhi haya. Daktari akipewa kurasa hizo ataona katika dakika tano yale ambayo kumbukumbu ingeyasahau.

Na damu ikitoka kwa wingi, homa ikipanda, au tumbo likivimba na kuuma kupita kiasi, msingoje jibu la programu yoyote. Nendeni hospitali.

Mwisho, mkidanganywa msinyamaze kwa haya. Hifadhini ujumbe wa malipo na maneno ya tangazo, kisha mlalamike. Taarifa zenu zikitumiwa bila ridhaa, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo kusikiliza. Maradhi ya utumbo ni siri ya mwenye nayo. Aliyeichukua ili aiuze hastahili kusitiriwa.